Mgonjwa wa Mtihani

Kifua cha marehemu kilikuwa kimechorwa kalamu.

Inspekta aliinama, pua ameiziba kwa kiwiko, akahesabu. Mistari mitano ya mlalo upande wa kulia, ikianzia chini ya ubavu na kuzunguka hadi mgongoni, kila mmoja juu ya mwenzake. Wa chini ulikuwa wa buluu na umefifia. Wa juu kabisa ulikuwa mwekundu, bado mbichi, umefika karibu na kwapa.

"Nani kamchora hivi?"

"Si mimi," alisema daktari wa maiti, mwanamume mfupi aliyevaa buti za mpira. "Mimi nachora kwa kisu." Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Nisamehe, afande. Ukikaa na hawa muda mrefu unasahau walio hai wanachekea nini."

Koplo, ambaye alikuwa amebaki mlangoni kwa visingizio vya kulinda, alikohoa.

"Gonga kifua chenye hewa," daktari akaendelea, akigonga kifua chake mwenyewe kwa kidole, "kinalia kama debe tupu. Gonga penye maji, sauti inakufa. Pale inapofia, mwanafunzi anaweka mstari. Ndivyo tunavyofundishwa wote. Mstari huu wa chini ndio wa kwanza. Siku mbili tatu baadaye amekuja mwingine na kalamu nyingine, sauti imefia hapa. Halafu hapa. Halafu hapa."

"Maji yalikuwa yanapanda."

"Kama pipa lililowekwa chini ya bati siku ya mvua."

"Na wao wakawa wanapima."

"Wakawa wanapima."

Alimwonyesha ndoo chini ya meza. Ndani mlikuwa na maji ya rangi ya chai iliyolala, yenye utando juu. Lita tatu na robo, alisema, zote kutoka upande mmoja wa kifua. Pafu la kulia alilikuta limejikunja kama soksi iliyolowa. Inspekta aliandika tarakimu hiyo, akaipigia mstari, kisha akageuza uso kutafuta dirisha. Chumba hakikuwa na dirisha.

"Haya maji yangeweza kutolewa akiwa hai?"

"Sindano, mpira na chupa. Nusu saa. Mgonjwa anaamka hapo anaomba uji."

"Kwa nini hayakutolewa?"

"Kwangu huku yanakuja majibu, afande. Maswali yanabaki juu wodini."

Barua ya hospitali ilikuwa ndani ya jalada la Inspekta, imekunjwa mara mbili. Ilisema kwamba mgonjwa wa kitanda namba kumi na moja, fundi seremala mstaafu, alifariki Jumanne saa tisa alasiri baada ya mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa zamu kuchomoa waya wa mashine ya oksijeni ili achaji simu yake. Kuhusu ugonjwa wenyewe barua ilikuwa na maneno matano tu: *homa ya mapafu, uchunguzi unaendelea*. Hapakuwa na neno maji.

Nje, kwenye benchi la saruji, binti wa marehemu alikuwa amekaa na futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Alikuwa ametoka kwenye cherehani moja kwa moja jana na hajarudi. Mkononi alishika fomu ya kuchukulia mwili.

"Pole sana, dada," Inspekta alimwambia, akavuta sketi yake ya sare, akakaa kando yake.

"Nimeshapoa. Nionyeshe tu pa kusaini, nikamzike baba yangu."

Inspekta alisoma fomu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba familia imeridhika na maelezo ya hospitali na haina dai lolote.

"Baba alikwambia nini kuhusu ugonjwa wake?"

"Ugonjwa?" Binti alijaribu kutabasamu. "Alikuwa anafurahi, dada. Siku ya nne hapa ananiambia, 'Mwanangu, nimekuwa mwalimu uzeeni. Madaktari wananiita mwalimu.' Baba aliishia darasa la tatu. Nikaona, mwache mzee afurahi. Halafu akaanza kubanwa na pumzi. Nikasema nimhamishe. Wakaniambia nitulie, atatibiwa Alhamisi."

"Alhamisi ipi?"

"Kwanza ilikuwa ile iliyopita. Nikaja Ijumaa namkuta vilevile. Wakasema imesogezwa, sasa ni hii ya kesho."

"Walikwambia ni nini kinafanyika Alhamisi?"

"Matibabu. Si ndivyo walivyosema?"

Inspekta aliichukua fomu taratibu kutoka mikononi mwake, akaikunja. "Usisaini hii. Nipe mpaka jioni."

"Na maziko?"

"Mpaka jioni, dada yangu. Utamzika, na utakuwa unajua kilichomuua."

*

Kituoni, mwanafunzi wa uuguzi alikuwa amekaa wima kwenye kona ya mahabusu ya wanawake, sare yake nyeupe imechafuka mgongoni kwa kuegemea ukuta. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mbele yake, juu ya sakafu, palikuwa na karatasi iliyopigwa chapa na kalamu mpya.

"Hii imetoka wapi?" Inspekta aliuliza.

"Ameileta Mwalimu Mkuu wa shule yetu. Asubuhi."

Inspekta aliiokota. *Mimi niliyetajwa hapa chini nakiri kwamba kwa bahati mbaya, bila nia mbaya...*

"Anasema nikisaini, shule itaniombea nisifungwe, na baada ya mwaka nitarudishwa darasani," msichana alisema. "Nisiposaini, kesho saa tatu niko kwa hakimu kwa uzembe uliosababisha kifo, na wao hawanijui. Mama amesema nisaini."

"Ulichomoa waya?"

"Hapana."

"Sasa unakiri nini?"

Msichana alitazama magoti yake. "Niliandika kwenye faili mara tatu. Kwamba hawezi kulala chali. Kwamba midomo inageuka rangi. Mara ya tatu nikamfuata Daktari Bingwa mwenyewe kwenye korido. Akaniuliza mbele ya watu, 'Wewe ni muuguzi au umeshakuwa profesa?' Wakacheka."

"Alhamisi kulikuwa na nini?"

Msichana alianza kukunja na kukunjua pindo la sare yake.

"Binti. Kesho nakupeleka mahakamani kwa mikono yangu mwenyewe, na sipendi. Alhamisi kuna nini?"

"Siwezi, afande. Tuliapishwa. Sisi tunaoandaa vitanda tunaapishwa, ukitoa siri unafukuzwa." Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Muulize mzee wa kitanda cha kumi. Yeye hakuapishwa."

Inspekta aliichukua karatasi ya kukiri, na kalamu pia.

"Ukiletewa nyingine," alisema, "mwambie umesahau kuandika."

*

Wodi ya wanaume ilinuka dawa ya sakafu iliyomwagwa juu ya mkojo bila kwanza kuufuta mkojo. Kitanda namba kumi na moja kilikuwa kimeshavuliwa shuka. Godoro lake la mpira lilikuwa limepasuka katikati, na ndani ya mpasuko sponji ilikuwa nyeusi, imelowa. Sista Mkuu wa wodi, mwanamke mrefu aliyenyoosha sare yake kama bendera, aliwasubiri hapo na bahasha ya kaki.

"Nimewahifadhia ushahidi," alisema. Akatoa chaja nyeusi. "Niliikuta imechomekwa hapa, kwenye soketi ya mashine. Wasichana wa siku hizi, simu kwanza, mgonjwa baadaye."

"Simu yake ulimkuta nayo?"

"Ilikuwa mfukoni."

"Mfukoni, na chaja ukutani."

Sista Mkuu alianza kuikunja bahasha tupu. Koplo alitoa simu ya mwanafunzi kutoka kwenye mfuko wa vielelezo, akajaribu kuchomeka ile chaja. Pini ilikuwa nyembamba, ikaingia na kuchezacheza ndani kama ufunguo wa nyumba ya jirani.

"Nyie! Hiyo chaja ni yangu!"

Sauti ilitoka kitanda cha kumi. Mzee mmoja alikuwa amelala hapo, mguu wake wa kulia umening'inizwa kwa kamba iliyofungwa tofali, na kifuani pake kuna redio ndogo. Wodi nzima ilimwita Mzee Redio.

"Shikamoo, mzee," Inspekta alisema.

"Marahaba, binti. Nipe chaja yangu. Tangu jana sina taarifa, sina mpira, sina hata matangazo ya vifo. Nasikiliza tu huyu wa kitanda cha tisa anavyokoroma."

"Nani aliichomeka pale?"

"Nilimtuma huyo huyo msichana mnayemwonea. Pana soketi mbili, hakuchomoa kitu. Mimi ni mguu uliovunjika, binti, macho ninayo."

Koplo alichomeka chaja ukutani, na pini kwenye redio. Taa nyekundu ikawaka. Mzee akaishika redio yake kama mtu aliyerudishiwa mtoto.

"Hilo ni neno la mgonjwa," alisema Sista Mkuu. "Wazee huchanganyikiwa."

"Kweli," Inspekta alisema. "Tuulize basi mashine."

Mashine ya oksijeni ilisimama kati ya kitanda cha kumi na moja na cha kumi na mbili, ikinguruma, mpira mmoja umefika puani kwa mgonjwa wa kumi na mbili, wa pili umeviringishwa na kutundikwa. Ubavuni ilikuwa na kidirisha cha kuhesabu muda iliofanya kazi, na chini yake kadi iliyofungwa kwa uzi. Inspekta alimwita fundi wa mitambo, mwanamume wa makamo mwenye bisibisi sikioni.

"Kadi hii unaijaza wewe?"

"Kila asubuhi saa moja, afande. Nisipojaza nakatwa posho."

"Kidirisha kikizimiwa umeme?"

"Kinasimama. Kikiwashwa kinaendelea kilipoishia. Hakidanganyiki."

Inspekta alisoma kwa sauti, ili Koplo aandike. Jumanne asubuhi: saa 6212, dakika 10. Jumatano asubuhi, yaani leo: saa 6236, dakika 12.

"Saa ishirini na nne na dakika mbili," alisema Koplo.

"Hizo mbili nilichelewa mimi," fundi alikiri. "Baiskeli."

"Kwa hiyo tangu jana asubuhi mashine hii haikuzimwa hata kwa muda wa kupiga chafya. Na ingezimwa, wa kumi na mbili naye angekuwa kwenye ndoo za yule bwana wa chini." Inspekta alimgeukia Sista Mkuu. "Barua yenu inasema alichomoa waya."

"Basi pengine alimvua mpira puani."

"Mtaandika barua nyingine?"

Sista Mkuu alikunja mikono. Inspekta aliomba faili la marehemu. Kurasa zilikuwa na namba za mkono pembeni. Alifunua: nne, tano, sita, kumi. Akarudi nyuma. Sita, kumi. Hapakuwa na picha ya eksrei, ingawa ukurasa wa pili ulisema ilipigwa.

"Saba, nane na tisa ziko wapi?"

"Karatasi hupotea, Inspekta. Hii ni hospitali, si benki."

"Tatu? Zikiwa zimeshikana mikono?"

Mzee Redio alicheka hadi tofali likayumba. Inspekta alivuta kiti, akakaa karibu na mto wake.

"Mzee, jirani yako alikuwa anangoja nini Alhamisi?"

"Hawajawaambia?" Alimtazama Sista Mkuu, kisha akaamua kutomtazama tena. "Alikuwa mgonjwa wa mtihani. Kila mwaka wanachagua. Mwenye moyo unaolia vibaya, mwenye bandama kubwa, na huyu wa maji kifuani. Siku ya mtihani wanafunzi wanaingia mmoja mmoja, wanampapasa, wanasema ana nini. Akipata, amekuwa daktari."

"Na kabla ya siku hiyo?"

"Wanajifunzia. Hamsini na wawili, nimewahesabu, nina kazi gani nyingine? Wanamgonga mgongoni kama polisi mlangoni, usiudhike binti. Mwanzo alikuwa anafurahi. Jioni ananiambia, 'Mzee mwenzangu, leo nimefundisha thelathini.' Siku za mwisho hana hata sauti ya kusema. Analala ameketi, amekumbatia mto. Wanakuja: 'Mwalimu, tulalie chali kidogo.' Analala. Anatweta kama samaki aliyetupwa mchangani. Wao wanachora mstari, wanasema asante."

"Alijua maji yanaweza kutolewa?"

"Nani amwambie? Mimi nilimuuliza yule Daktari Bingwa: mbona mnamwangalia tu? Akaniambia, 'Mzee, wewe shughulika na mguu wako.'"

"Alisaini popote? Aliulizwa kama anakubali kungoja?"

"Aliambiwa atalisaidia taifa."

Koplo aliacha kuandika.

"Tulimtunza," Sista Mkuu alisema ghafla, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. "Alipewa shuka mpya. Alipewa maziwa kila asubuhi, na yai. Hakuna mgonjwa mwingine humu anayepewa yai. Ugonjwa ukitibiwa kabla ya mtihani, wanafunzi watahiniwe na nini? Mtihani uliposogezwa kwa sababu ya mtahini kutoka nje, ni mimi niliyefanya usogezwe?"

"Yai," alisema Koplo polepole. "Kama ng'ombe wa maonyesho."

Kwenye sinki la wodi Inspekta alifungua bomba kunawa. Bomba lilikohoa, likatoa tone moja la kutu. Alijifuta viganja kwenye sketi yake, akatoka.

Koridoni alisimama.

"Watasema hawakujua ugonjwa," alimwambia Koplo. "Wameshang'oa kurasa na eksrei. Kesho hakimu atauliza: nani alijua kwamba yule mzee ana maji? Wanafunzi watakana, wameapishwa. Mzee Redio watasema amechanganyikiwa. Msichana wa uuguzi atabaki peke yake."

"Sasa?"

"Mtihani una swali, Koplo. Swali lina jibu. Na anayesahihisha haji na jibu kichwani. Huandikwa mapema."

*

Ofisi ya mitihani ilikuwa ng'ambo ya ua, ndani ya chuo cha udaktari, nyuma ya milango miwili ya chuma. Katibu wa mitihani alikuwa bwana mwembamba aliyevaa kizibao siku ya joto. Alisoma hati ya upekuzi mara mbili, ya pili kwa kidole.

"Haiwezekani," alisema. "Bahasha za mtihani hazifunguliwi kabla ya siku. Nina miaka kumi na tisa hapa. Hata Mkuu wa Chuo haruhusiwi."

"Mkuu wa Chuo hana hati ya mahakama."

"Mitihani ni siri, mama."

"Hata mwili wa mtu ni siri, bwana, na umefunguliwa asubuhi hii."

Aliwatazama wote wawili, kisha akachukua funguo. Kabatini bahasha zilipangwa kwa namba za vitanda. Namba kumi na moja ilikuwa nene, imefungwa kwa lakiri nyekundu. Juu ya lakiri, kwa mwandiko wa Katibu, kulikuwa na siku na saa: *imepokelewa Jumatatu saa nne asubuhi*. Chini yake: *mtihani umeahirishwa wiki moja, bahasha haikufunguliwa*.

"Jumatatu ya wiki hii?"

"La, ya wiki iliyopita. Nimeandika tarehe."

"Siku nane kabla hajafa. Nani aliileta?"

"Daktari Bingwa, kwa mkono wake. Sipokei kwa mjumbe." Katibu alijinyoosha. "Jana jioni aliirudia. Alitaka kubadilisha kitu kidogo, alisema. Nikamwambia, daktari, bahasha ikishaingia kwangu hata malaika haigusi. Akakasirika sana."

Inspekta aliigeuza bahasha mkononi. "Umefanya kazi yako vizuri kuliko unavyojua," alisema.

Mbele ya Katibu na Koplo alivunja lakiri. Karatasi zilikuwa mbili: mwongozo wa kusahihisha. Na nyuma yake, kwenye mfuko wa plastiki, picha ya eksrei. Aliinyanyua kwenye mwanga. Upande mmoja wa kifua ulikuwa mweusi kama inavyotakiwa. Mwingine ulikuwa mweupe hadi katikati. Pembeni palikuwa na jina la marehemu na tarehe ya siku ya pili ya kulazwa kwake.

Alisoma ukurasa wa kwanza. Alisoma wa pili. Akamaliza, akaanza tena wa pili, na Koplo akanyoosha shingo aone.

"Afande?"

"Andika orodha ya vielelezo," alisema. "Kila karatasi. Katibu asaini."

*

Daktari Bingwa aliwapokea kwa heshima. Ofisi yake ilikuwa na kapeti, vyeti ukutani, na sinki safi lenye sabuni mbili. Aliagiza chai. Inspekta hakuigusa.

"Huyu msichana tunamsikitikia," daktari alisema. "Ni kijana. Lakini taaluma lazima ijilinde."

"Nahitaji maelezo yako kwa maandishi. Swali la kwanza: mgonjwa alikuwa na nini?"

"Hilo ndilo lililotusumbua. Ugonjwa wa kifua una sura nyingi. Homa ya mapafu, tulidhani. Uchunguzi ulikuwa unaendelea."

"Hadi anafariki hamkujua?"

"Kwa uhakika, hapana. Uchunguzi wa maiti ndio umetufumbua macho."

"Maji kifuani hayakuwa yametambuliwa?"

"Kwa bahati mbaya."

Koplo aliandika. Inspekta aliisogeza karatasi mezani, daktari akaisoma haraka, akasaini kwa mkunjo mmoja mrefu. Inspekta alisubiri wino ukauke. Kisha akaweka juu ya meza bahasha yenye lakiri iliyovunjika.

Daktari aliitazama. Alichukua kikombe chake cha chai, akakirudisha bila kunywa.

"Yule mjinga wa kizibao," alisema.

"'Kitanda namba kumi na moja,'" Inspekta alisoma. "'Mwanamume wa miaka sitini na minane. Maji mengi kifuani upande wa kulia. Dalili ni wazi na nzuri sana kwa mtihani.' Nzuri sana. Ni mwandiko wako?"

"Inspekta, wewe si mtu wa fani hii." Sauti yake haikupanda. "Mimi nilijifunza hivyo. Walionifundisha walijifunza hivyo. Siku utakapoanguka barabarani, utataka akushike daktari aliyewahi kugonga kifua chenye maji, au aliyekiona kwenye picha? Wanafunzi hawawezi kujifunzia kwenye ubao. Mgonjwa mmoja anasubiri siku chache, wagonjwa elfu wanaokoka."

"Nakubali wajifunze."

"Basi tumeelewana."

"Siku ya pili mngemwambia: mzee, una maji, yanatoka kwa nusu saa. Unaruhusu wanafunzi wakuguse kwanza? Akikubali, wanamgusa asubuhi, jioni mnayatoa. Kwa nini hamkumwuliza?"

"Mzee wa darasa la tatu. Angeelewa nini?"

"Angeelewa nusu saa. Au mliogopa atakubali yatolewe?"

Daktari alitazama vyeti vyake.

"Nani aling'oa kurasa?"

"Nilimwambia Sista asafishe faili. Sikumwambia ang'oe."

"Na msichana?"

"Mwanafunzi mmoja, Inspekta! Angerudi baada ya mwaka. Ukinipeleka mimi, unafunga wodi nzima. Pima mwenyewe."

"Nimepima." Inspekta alichomoa ukurasa wa pili, akaugeuza, akausogeza mbele yake kwa ncha ya kidole kama mtu asiyetaka kukigusa kitu. "Nisomee sehemu ya mwisho. Kwa sauti. Koplo hasikii vizuri."

"Nasikia vi—" Koplo alianza, akanyamaza.

Daktari alivaa miwani. Alianza vizuri, kwa sauti nzito ya mtu aliyezoea kusomea darasa.

"'Mtahiniwa akitaja maji, alama kumi. Akionyesha mpaka wa maji kwa kugonga, alama tano. Akieleza hatari ya kuchelewa, kwamba mgonjwa anaweza kufa kwa kukosa pumzi, alama tano.'" Alirekebisha miwani. "'Mtahiniwa ambaye hatapendekeza maji yatolewe siku hiyo hiyo, ahesabiwe kuwa ni hatari kwa wagonjwa. Afelishwe mtihani mzima, hata kama majibu yake mengine yote ni sahihi. Asiruhusiwe...'"

"Endelea."

"'Asiruhusiwe kugusa mgonjwa.'"

Aliivua miwani. Koridoni kundi la wanafunzi lilipita likikaririshana dalili, mmoja akiuliza, wengine wakijibu kwa pamoja.

Inspekta alisimama. "Koplo, piga simu kituoni. Msichana atoke mahabusu sasa hivi, wasimngojeshe hata kwa chai. Kisha mtu aende kwa yule dada wa cherehani, amwambie akamzike baba yake, bila fomu."

"Na mimi?" daktari aliuliza. "Kesho nina mtihani. Watu hamsini na wawili. Mtahini kutoka nje ameshafika hotelini."

"Kesho saa tatu kuna nafasi kwa hakimu," alisema Inspekta, akikusanya karatasi zake. "Tulikuwa tumemwekea msichana. Inuka, twende."